Tupeane uzoefu: Intaneti ilipozimwa, ulibanwa wapi na ulijinasuaje?

Wakuu, habari za muda. Nataka haya tuyaweke pamoja wakati bado tunayakumbuka. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa Tanzania nzima, na sisi wa Dar jioni ile ile tukawekewa amri ya kutotoka nje. Ilianza kurudi Novemba 3. Uchaguzi wa 2020 ilifungwa mitandao ya kijamii na wenye VPN, zile programu za kukwepa vizuizi, walipenya. Safari hii hakukuwa na data ya kupenyea.

Mimi niko Tabata, mama yuko Temeke na anachoma insulini. Kawaida natuma picha ya kichupa WhatsApp kwa mwenye duka la dawa, naye anampa boda apeleke. Siku hizo ilibidi nimsomee jina kwa simu, herufi moja moja, na mara ya kwanza alishika aina nyingine maana majina yanakaribiana. Kuna insulini ya haraka na ya taratibu, ukizichanganya unaweza kumpoteza mtu. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na anayesema kilichozimwa ni umbea wa mitandaoni. Wengine mlipitaje?

Muoka keki, Sinza
Pole kwa mama, mkuu. Mimi nilikuwa na oda ya harusi ya Jumamosi. Mteja alituma picha ya muundo Jumatano asubuhi, sikuifungua mapema. Kuja kuigusa ni ukungu mtupu, kale kaduara kanazunguka tu. Nikampigia, akanielezea maua kwa mdomo, baadaye harusi yenyewe ikaahirishwa. Krimu nilimwaga. Advansi nilimrudishia, maana yeye naye hana kosa.

Wakala, Mbagala
Kwangu menyu ya kubonyeza nyota ilikuwa inafanya kazi. Tatizo likawa keshi: kila mtu anatoa, hakuna anayeweka, na tawi ninalochukulia hela limefungwa. Mama mmoja alikuwa na laki na nusu kwenye simu, nikaweza kumpa elfu kumi, akaenda kununua unga. Aliniangalia kama nimemdhulumu, na sikuwa na la kumwambia. Sasa hivi naweka keshi ya akiba nyumbani, ingawa mnajua huku kwetu hilo nalo ni hatari.

Mdau, Kijitonyama
Nilikuwa Kampala 2021. Walizima Januari 13 usiku, kesho yake kura, ikarudi tarehe 18. Facebook ikabaki imefungwa. Kilichonitesa ni uvumi, kila jirani ana habari yake na huna pa kuhakiki. Wanaozima husema wanazuia uongo. Mimi niliuona ukinenepa. Nunueni redio ya betri.

Mwanasheria, Ubungo
Naomba tusilizoee jambo hili. Kameruni mwaka 2017 mikoa inayozungumza Kiingereza ilikaa siku 93 bila intaneti, vijana wa teknolojia wa Buea wakawa wanasafiri hadi kijiji cha Bonako, karibu na mpaka wa mkoa, kufuata mawimbi wapate kufanya kazi. Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, walikatiwa mawasiliano Novemba 2020, na vita ikaisha miaka miwili baadaye wengi wao bado hawajaunganishwa. Ila Zimbabwe, Januari 2019, Mahakama Kuu ilisema waziri aliyetoa amri hakuwa na mamlaka hayo, ikaagiza intaneti irudishwe. Mwaka 2020 mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, nayo iliihukumu Togo kwa kuzima 2017, ikaamuru wadai walipwe fidia. Kwa hiyo dada wa keki na wakala, tunzeni risiti, meseji na tarehe. Hasara isiyoandikwa popote ni ngumu kuidai.

Mdau, Kimara
Na bando je? Nilinunua la wiki Jumanne usiku. Intaneti inarudi, limebaki siku moja. Huduma kwa wateja wananiambia muda ukiisha umeisha. Kuna yeyote aliyerudishiwa?

Muoka keki, Sinza
Mimi langu la mwezi, sikurudishiwa hata MB moja.