San Antonio Spurs na gadi wa tatu: tulimhitaji Harper kweli?

Nyavu Kavu
Wadau, jambo hili limenikaa kooni tangu usiku wa drafti ya NBA mwezi Juni 2025, pale timu za kikapu zinapochagua chipukizi kwa zamu, leo nalitoa. Tulikuwa na chaguo namba 2, tukamchukua Dylan Harper, gadi, yaani mchezaji wa nyuma anayeuleta mpira. Kijana ana kipaji, hapo sina ubishi. Lakini tayari tuna De'Aaron Fox, tuliyemtoa timu ya Sacramento mwezi Februari na mwezi huu wa Agosti amepewa mkataba mpya wa miaka 4 wa takriban dola milioni 229. Tuna Stephon Castle, Chipukizi Bora wa Mwaka. Wote watatu wanautaka mpira mkononi, wote wanapenya kuelekea ringini, na hakuna hata mmoja ambaye mpinzani anaogopa kumwacha peke yake nje ya mstari wa pointi tatu. Castle msimu uliopita mitupo yake ya mbali iliingia kwa asilimia 28.5. Fox miaka yote anazunguka kwenye 33. Harper pale chuoni Rutgers ni hapo hapo kwenye 33.

Sasa mweke Victor Wembanyama, nyota wetu mrefu, katikati ya hao. Watu wawili wanamganda, wa tatu anasogea kusaidia, na hakuna wa kuwaadhibu. Mimi ningebadilishana na timu nyingine nikashuka nafasi mbili tatu kwenye drafti, nikamchukua Kon Knueppel aliyekuwa anatupa za mbali kwa zaidi ya asilimia 40 pale chuoni Duke, na juu yake nikapewa chaguo jingine la baadaye. Tunamjengea uzio mtu tuliyepaswa kumfungulia uwanja. Ila ofisi ya timu ni ile ile iliyomwacha gadi Tyrese Haliburton ikamchukua Devin Vassell, mtupaji wa pembeni, kwenye drafti ya mwaka 2020, kwa hiyo sijashangaa.

Mama Rebaundi
Nyavu Kavu, nimekusoma kwa utulivu mpaka nilipofika kwa Vassell. Mtoto wa watu amekukosea nini? Msimu wa 2023-24, ule wa ushindi 22 na vipigo 60, nani alikuwa mfungaji wetu wa pili nyuma ya Wembanyama? Si yeye? Halafu unalia hatuna watupaji wa mbali, na katika aya hiyo hiyo unamponda mmoja wa wachache tulio nao. Futa sentensi ile ndipo tuzungumze.

Senta Mkongwe
Mama, hakuna aliyemponda mtu. Kasema ukweli. Haliburton ameipeleka Indiana mpaka mechi ya saba ya fainali. Vassell hajacheza hata mechi moja ya mtoano tangu aingie ligi. Chaguo namba 11 na chaguo namba 12, usiku mmoja, wamefuatana kama namba za viti. Hilo linauma na litaendelea kuuma.

Mama Rebaundi
Linakuuma wewe. Timu 11 zilimpita Haliburton usiku ule, sisi tulikuwa wa mwisho kwenye foleni. Detroit walihitaji pointi gadi, yule gadi anayeanzisha mashambulizi, kuliko sisi, wakamchukua Killian Hayes namba 7. Phoenix kabla yetu tu walimchukua Jalen Smith. Mbona hao hamuwasemi? Na Sacramento waliompata hawakukaa naye. Februari 2022 walimpeleka Indiana, wakampata Sabonis, kwa sababu walishaamua kwamba gadi wao ni Fox. Fox huyu huyu ambaye sasa yuko kwetu. Kama Haliburton ndiye kipimo cha akili ya ofisi, basi waanze kupimwa wao.

Senta Mkongwe
Umenisaidia kazi. Sacramento walichagua Fox wakamwacha Haliburton wakaonekana wamekosea, na sisi tumeenda kuwanunulia kosa lao kwa milioni 229.

Dada Kona
Fox si kosa la mtu. Fox aliirudisha Sacramento kwenye mtoano mwaka 2023 baada ya miaka 16. Miaka 16! Mpeni mtu haki yake.

Pasi Ndefu
Naomba niwarudishe kwenye mada, maana Haliburton amewapeleka mbali na hamuoni kwamba yeye ndiye jibu.

Mwaka 2020 tulikuwa na nani nyuma? Dejounte Murray. Derrick White. Lonnie Walker. Bado DeRozan alikuwa anaanzisha mashambulizi mengi yeye mwenyewe. Kwa jicho langu, ukiitazama orodha ile unaona kabisa kwa nini mtu angesema magadi wametosha, tutafute mtu wa pembeni anayetupa na kukaba. Ndiye Vassell. Miaka miwili baadaye White yuko Boston, Murray yuko Atlanta, na sisi hatuna gadi. Kwa hiyo Nyavu Kavu, unachokililia kuhusu 2020 ndicho hasa unachotaka tukirudie 2025: kumwacha mwenye kipaji kikubwa kwa sababu leo kiti chake kina mtu.

Nenda nyuma zaidi. Portland mwaka 1984 walikuwa na Clyde Drexler, wakaona nafasi ya gadi imejaa, wakamchukua Sam Bowie namba 2. Jordan akaenda namba 3. Na sisi wenyewe mwaka 1997 tulikuwa na David Robinson, senta mkubwa kabisa, na tukapata chaguo la kwanza. Kwa hesabu ya "tayari tunaye", tungemwacha Tim Duncan. Tulimchukua, na mwaka 1999 tukabeba kombe wakicheza pamoja.

Mtu wa miaka 19 humchagui kwa ajili ya Oktoba inayokuja. Fox ana 27, Harper ana 19, Castle ana 20. Hawa si magadi watatu wa wakati mmoja. Lakini haya yanahitaji kumbukumbu, na wengi humu wameijua timu hii siku Wembanyama alipotua San Antonio.

Dada Kona
Hiyo ya mwisho umemwambia nani?

Pasi Ndefu
Sikutaja jina.

Dada Kona
Hukutaja jina lakini mimi ndiye niliyeandika kabla yako. Sikiliza, kaka. Mimi nilikuwepo mwaka 2013, mechi ya sita, pale Miami, Ray Allen aliporudi kinyumenyume mpaka kwenye kona na kutupa ile pointi tatu. Kamba za njano za kuandalia sherehe yetu ya kombe zilikuwa zimeshatolewa pembeni mwa uwanja. Sikula siku mbili. Jina ninalotumia humu limetoka kwenye kona ile. Nilikuwepo mwaka uliofuata tulipowalipa Miami mechi nne kwa moja. Nilikuwepo nyota wetu Kawhi Leonard alipoondoka na nikaumia kama nimefiwa. Nimekaa na misimu yote hii bila mtoano tangu 2019. Usinipangie mimi foleni ya ushabiki.

Senta Mkongwe
Dada, usipandishe sauti. Pasi Ndefu ana hoja kwamba wengi ni wageni. Waulize tu Tony Parker alichaguliwa namba ngapi uone watakavyokodoa macho. Namba 57! Ndiyo drafti ya Spurs ninayoijua mimi, ya kuokota dhahabu mchangani.

Dada Kona
57 ni Manu Ginobili, mwaka 1999. Parker ni namba 28, mwaka 2001. Sasa nani mgeni?

Senta Mkongwe
Nimechanganya. Hoja inabaki pale pale.

Dada Kona
Hoja haibaki pale pale. Hoja ilikuwa kwamba sisi hatujui.

Kiatu Kipya
Mimi niseme wazi, nimeanza kuangalia kwa ajili ya Wembanyama, mwaka 2023, na sioni aibu. Naomba nisikilizwe hata hivyo. Msimu ule wake wa kwanza walimweka Jeremy Sochan kuwa pointi gadi. Fowadi, mchezaji wa mbele! Kwa wiki nyingi nilikuwa naona Wembanyama anainua mkono, yuko juu ya kila mtu, na pasi haiji, au inakuja magotini. Baadaye wakamrudisha Tre Jones na mpira ukaanza kutembea. Kisha Chris Paul akaja, akacheza mechi zote 82 akiwa na karibu miaka 40, na mtoto akawa anapokea mpira pale anapoutaka. Sasa Paul ameondoka, Jones yuko Chicago. Kwangu mimi timu iliyopitia hayo haiwezi kulalamika kwamba ina watu wengi wanaojua kutoa pasi. Niko tayari kuwa na watano.

Mama Rebaundi
Mwanangu, umesema vizuri kuliko hao wanaojiita wakongwe. Karibu, na usimwombe mtu radhi kwa siku uliyoanza.

Pasi Ndefu
Kiatu Kipya, sikukulenga wewe. Dada Kona, wala wewe. Nilichokosea ni kusema "wengi". Ningesema "baadhi".

Dada Kona
"Baadhi" nayo ni ile ile. Ila la Duncan na Robinson nakubali, lina uzito.

Nyavu Kavu
Nimetoka kidogo narudi nakuta tunasomeana vyeti vya kuzaliwa. Hakuna hata mmoja aliyenijibu kuhusu uwanja kuwa finyu. Duncan na Robinson walicheza enzi ambayo watu wawili warefu chini ya ringi ilikuwa silaha. Leo beki wa mpinzani anamwacha Castle kwenye kona, anaenda kusimama miguuni kwa Wembanyama. Hilo tumeliona msimu mzima. Kipaji juu ya kipaji bila nafasi ya kupumulia ni msongamano tu.

Na la Kiatu Kipya ni zuri, lakini nilitaka gadi mmoja wa kutoa pasi, na tayari tulimpata Februari.

Pasi Ndefu
Wembanyama alicheza mechi 46 tu kabla ya lile donge la damu begani, na Fox alifika Februari mwanzoni. Wamecheza pamoja mechi za kuhesabu vidole. Huo "msimu mzima" ulioutazama hauwahusu hawa wawili.

Nyavu Kavu
Namzungumzia Castle.

Pasi Ndefu
Castle alikuwa na miaka 20 na ndio kwanza anaanza. Kawhi naye alikuja mwaka 2011, chaguo namba 15, tukiwa tumemtoa George Hill kwenda Indiana, na kila mtu alisema hajui kutupa. Wakakaa naye, wakaurekebisha mkono wake. Tunao watu wa kazi hiyo.

Senta Mkongwe
Msimtaje huyo.

Mama Rebaundi
Kwa mara ya kwanza leo niko na Senta Mkongwe. Msimtaje.

Dada Kona
Kombe la 2014 tulibeba na yeye ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa fainali. Atatajwa.

Senta Mkongwe
Kabla hatujaenda huko, nina swali kwa Nyavu Kavu. Unataka kushuka nafasi upewe chaguo la baadaye. Mwaka jana tulifanya hivyo hivyo. Tulikuwa na namba 8, lile tulilopewa na Toronto tulipowapa senta Jakob Poeltl, tukamchagua Rob Dillingham na kumpeleka Minnesota usiku ule ule. Tukapata chaguo lao la raundi ya kwanza la mwaka 2031 na haki ya kubadilishana nafasi mwaka 2030. 2031! Umri wangu huu naambiwa nisubiri 2031.

Nyavu Kavu
Mwaka 2031 Wembanyama atakuwa na miaka 27. Ndio umri wa kubeba makombe. Lile lilikuwa jambo la busara na nalitetea.

Pasi Ndefu
Hapo basi umejijibu. Unatetea kusubiri miaka saba kwa mtu ambaye pengine hajamaliza shule ya msingi, lakini huwezi kumsubiri Harper miaka miwili?

Nyavu Kavu
Chaguo la 2031 halichukui dakika za mtu uwanjani. Harper anazichukua. Dakika zake zitatoka kwa nani? Hilo ndilo nililotaka tujadili tangu mwanzo. Fox hatoki, wamemlipa. Castle hatoki, ndiye mkabaji wetu bora wa nje. Kwa hiyo anayesukumwa benchi au kuondoka ni nani? Mimi naona ni Vassell, na akitoka Vassell ndio kabisa, mtupaji wa mbali ametoka na nafasi yake amepewa mtu ambaye hatupi. Mama, umeona? Sikumponda. Namlilia.

Mama Rebaundi
Ungeanza hivyo tangu asubuhi ningekuwa upande wako. Aya yako ya kwanza ilimweka kwenye mizani na Haliburton kama bidhaa yenye kasoro.

Lakini bado sikubaliani kwamba atoke yeye. Keldon Johnson tayari anaanzia benchi, na anaifanya kazi ile kwa moyo. Harper aanze huko pamoja naye. Ginobili alianzia benchi miaka na miaka, na jina lake limo kwenye ukumbi wa heshima. Na Sochan sasa kazi yake ni ipi hasa?

Kiatu Kipya
Sochan asiguswe, jamani. Anakaba nafasi zote.

Senta Mkongwe
Sochan alikuwa chaguo namba 9 mwaka 2022. Jalen Williams, nyota wa Oklahoma City, alikuwa namba 12. Nimemaliza.

Dada Kona
Na hilo nalo linaanza.

Kiatu Kipya
Mzee, kwa hiyo kila mchezaji wetu lazima apimwe na mtu aliyechaguliwa baada yake? Hata Duncan alikuwa na watu 56 nyuma yake.

Senta Mkongwe
Duncan hakuwa na mtu yeyote nyuma yake wa kumkaribia, kijana. Ndiyo maana hakuna anayeuliza.

Nyavu Kavu
Nitaliuliza tena kesho kwenye mada mpya, na safari hii simtaji Haliburton: nani anakaa kwenye kona wakati Harper anapenya? Mwenye jina aje nalo.

Mama Rebaundi
Jina ninalo. Devin Vassell.