Mjadala: Je, ujenzi wa mbao unayanusuru mazingira au unaimaliza misitu?

Mtoa mada: Ndugu wachangiaji, saruji hutoa takribani asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote itokanayo na shughuli za binadamu, na zaidi ya nusu yake haitoki kwenye moto wa tanuri bali kwenye mawe ya chokaa yenyewe yanapochomwa, kwa hiyo hata tukibadilisha nishati tatizo litabaki. Mti, kinyume chake, huvuta hewa hiyo unapokua. Karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni, na mita moja ya ujazo ya mbao laini huhifadhi kiasi kinachokaribia tani moja ya hewa ukaa. Kwa nini basi tunang'ang'ania zege? Nashuku wengi hupima heshima ya mtu kwa unene wa kuta zake.

Mwashi: Sikuja hapa kupimiwa heshima, ndugu mtoa mada. Nimekula jasho la mwiko miaka mingi, na ninajenga zege kwa sababu mwenye nyumba anataka kulala usingizi. Nyumba ya mbao ni kiberiti. Jiji la London liliteketea mwaka 1666 kwa sababu gani, kama si mbao?

Seremala: Mkuu, London ile ilikuwa nyumba zilizobanana kwenye vichochoro, si boriti nene za leo. Boriti nene ikishika moto hujifunika ganda la mkaa, na ganda hilo huzuia joto lisipenye ndani. Wasanifu hukadiria kuwa moto hula kama milimita 0.65 kwa dakika, hivyo boriti ya sentimita 20 ikiunguzwa pande mbili kwa nusu saa hubaki na kiini cha sentimita 16 hivi. Chuma kisichofunikwa kikifika nyuzi joto 600 huwa kimekwisha kupoteza nusu ya nguvu zake, nacho hulegea bila kuaga.

Mwashi: Kwa hiyo aliyeunguliwa atulie, maana kiini kimesalimika? Ahsante kwa faraja.

Mlinzi wa msitu: Mmehamia kwenye moto, nao msitu mmeuacha. Ile tani ya mtoa mada ni ya ubao uliokwisha kufika kwenye jengo. Mti unapoangushwa, mizizi, matawi, maganda na vumbi la msumeno huachwa nyuma, huoza au huchomwa, na kaboni yake hurudi hewani. Kama uliokatwa ni msitu wa asili, mche uliopandwa mahali pake utahitaji miongo ya miaka kurudisha kilichopotea, tena bila viumbe waliokuwamo. Halafu ubao ukishapigwa randa hausemi ulikotoka. Mwizi na muungwana huuza bidhaa ileile.

Seremala: Neno «mwizi» ulipaswa kulitafuna kwanza. Vyeti vya mbao vipo, FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha mbao za misitu inayotunzwa vizuri, limekuwapo tangu mwaka 1993, na anayetaka kujua chanzo cha mbao zake anaweza kuuliza.

Mlinzi wa msitu: Sikukutaja wewe. Nimesema mnunuzi asiyeuliza, naye ndiye aliye wengi.

Mtoa mada: Tangu mwanzo nilikuwa nazungumzia miti ya mashamba, si msitu wa asili. Mnara wa Mjøstårnet nchini Norwei, uliokamilika mwaka 2019, una ghorofa 18 na urefu wa zaidi ya mita 85, na nguzo zake ni za mbao zilizogandishwa kwa gundi.

Mwashi: Neno «mashamba» nimelitafuta kwenye hoja yako ya kwanza nikalikosa. Na mnara huohuo una sakafu za zege katika ghorofa zake za juu, kwa sababu mbao ni nyepesi mno na jengo lingeyumbishwa na upepo. Mmepanda hadi huko juu mkatukuta sisi.

Seremala: Hakuna aliyesema zege lizikwe. Swali ni kiasi: litumike panapolihitaji, yaani kwenye msingi na penye kutaka uzito, si kila mahali kwa mazoea.

Mlinzi wa msitu: Basi mnijibu hili. Jengo likivunjwa, mbao zile zinakwenda wapi? Zikichomwa, kaboni yote iliyosifiwa hapa inarudi hewani siku hiyohiyo, na zile zilizotiwa dawa ya mchwa yenye arseniki hazifai hata kuwa kuni, kwa kuwa moshi na majivu yake ni sumu.

Seremala: Boriti zilizofungwa kwa bolti hufunguliwa na kutumika tena. Za gundi na za dawa ni shughuli nyingine, na ndiyo maana mimi hufunga kwa bolti.

Mwashi: Na mchwa wakija kabla ya hao wabomoaji?