Ireland kodi ya makampuni imepaaje hivi?

Mchumi Uchwara: Wakuu naombeni shule kidogo, Ireland 2014 walikusanya kodi ya makampuni kama yuro bilioni 4.6, kufika 2022 wako bilioni 22 na ushee, na kiwango chenyewe ni 12.5% tangu 2003 hakijaguswa, watu wenyewe milioni 5 tu. Wanaitoa wapi?

Mzee wa Leja: Walipaji ndo siri mkuu. Makampuni 10 tu yanatoa zaidi ya nusu, mengi ya Kimarekani, teknolojia na dawa. 2015 wakubwa walihamishia huko hatimiliki za ubunifu wao, faida ya nchi kibao ikaanza kuandikwa pale, pato la taifa likaruka kama robo ndani ya mwaka, kwenye makaratasi lakini 😂

Binti Kodi: Kichekesho ni 2024, mahakama ya Ulaya imeamua Apple ailipe Ireland bilioni 13 na riba juu, na serikali ilikuwa inapinga kulipwa!

Mchumi Uchwara: Duh. Sasa hao 10 wakihama?

Mzee wa Leja: Ndo maana 2024 wameanzisha mifuko ya akiba. Ila kwa wenye mauzo ya kuanzia milioni 750 ni 15% sahivi na bado hawajahama