"Until" na "by": zote ni "mpaka"?

Mwanafunzi_wa_Tafsiri: Wakuu, "Return the form by Friday" inafaa kutafsiriwa "Rudisha fomu mpaka Ijumaa"? "Until" nayo si ndiyo mpaka?

Kalamu: Haifai, mkuu. "Until" ni ya tendo linaloendelea bila kukatika hadi muda uliotajwa. "By" inaweka mwisho wa tendo la mara moja, ambalo laweza kufanyika wakati wowote kabla ya mwisho huo.

Jaribu kuchomeka "muda wote". "Subiri muda wote mpaka Ijumaa" inakubali, basi ni "until". "Rudisha fomu muda wote mpaka Ijumaa" inagoma, maana fomu hurudishwa mara moja tu. Hiyo ni "by". Ndiyo maana "I will finish until Friday", kosa tunalolifanya sana tukiandika Kiingereza, humchanganya msomaji: kumaliza hakuendelei siku tatu.

Viambishi vyetu vinaionyesha tofauti vizuri mno. "I'll be reading it until Friday": nitakuwa *nakisoma* hadi Ijumaa. "I'll have read it by Friday": ifikapo Ijumaa nitakuwa *nimeshakisoma*.

Mhariri_Pwani: Naongeza: usikimbilie "kabla ya Ijumaa". "By Friday" kwa kawaida hujumuisha Ijumaa yenyewe. Ukiandika "kabla", mtu ataelewa mwisho ni Alhamisi na utakuwa umempunja siku nzima. Andika "Mwisho wa kurudisha fomu ni Ijumaa". Kwenye mkataba: "Ijumaa au kabla yake".

Saa nazo zigeuze. "By 4 p.m." ni "mwisho saa 10 jioni". "By midnight on Friday" ni mtego mbaya, kwa sababu kwa wengi wetu siku huanza magharibi, na "usiku wa Ijumaa" wapo wanaouelewa kuwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Muulize mwenye barua. Akisema ni Ijumaa inapokwisha, andika "Ijumaa, saa 5:59 usiku, kuamkia Jumamosi". Ni ndefu, lakini hakuna atakayechelewa kwa kutoelewa.

Mwanafunzi_wa_Tafsiri: Nimeelewa. Na kwenye kukanusha?

Kalamu: Hapo "until" hubeba mpaka bila shida. "She didn't pay until Friday": hakulipa mpaka Ijumaa, yaani Ijumaa ndipo alipolipa. "She hadn't paid by Friday": kufikia Ijumaa alikuwa hajalipa, na huenda hadi leo hajalipa. Ukizichanganya kwenye barua ya deni, aliyelipa ataonekana bado anadaiwa.