Sahani zangu za kiondo zimechuja rangi ukutani kwa mteja

Msusi wa Umoja:
Habari za jioni jamani. Nisaidieni kabla sijarudisha pesa za watu.

Kusuka viondo nilifunzwa na susu wangu, yaani bibi, kule Mwingi nikiwa darasa la sita. Siku hizi niko Umoja, nasuka vitu vya kupamba nyumba: vikapu vya kuwekea mimea, vifuniko vya taa, na sahani bapa za kutundika ukutani. Juzi mteja wa Kileleshwa alitundika tatu, nyekundu kwa nyeusi, kwenye ukuta mweupe pe. Usiku mvua ikapenya dirishani. Asubuhi nikaletewa picha: michirizi ya waridi hadi chini, utadhani mtu amemwagia ukuta maji ya bitiruti.

Rangi ni ile ya unga inayopimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye kigazeti. Nilichemsha katani nusu saa nikaanika. Nilikosea wapi? Na je, naweza kuendelea kuandika "asili kabisa" kwenye kikaratasi cha bei?

Mama Viondo, Kariokor:
Pole mwanangu. Ususi wako hauna kosa, rangi ndiyo imekuangusha. Unga si mmoja. Kuna wa sufu, huo katani haiutaki, unakaa juu juu tu kama vumbi. Sema unataka rangi ya pamba, na akikuambia zote ni sawa, nenda kibanda kingine.

Kabla ya rangi, fua katani kwa sabuni na maji moto. Ichemshe kwenye rangi pamoja na chumvi, kisha usiwe na haraka ya kuitoa, iache ipolee humo humo kwenye sufuria. Suuza mpaka maji yatoke meupe. Mimi husugua uzi ungali umelowa kwenye kitambaa cheupe. Kikipata doa, siusuki.

Halafu niambie, uzi unasokota pajani au unanunua?

Msusi wa Umoja:
Nanunua, mama. Nikisokota siku nzima ngozi inachubuka.

Mama Viondo, Kariokor:
Nilijua tu! Wa dukani una manyoya, na ukishikwa na vumbi la Nairobi hausafishiki. Mama yangu alijipaka majivu mguuni ndipo asokote. Sahani za ukutani sokota mwenyewe, vikapu vya mimea tumia huo wa dukani, nani atachungulia.

Fundi wa Ruaka:
Vikapu vya mimea viwekee kisahani cha plastiki ndani, la sivyo kitako kitaoza. Na taa uza pamoja na balbu ya LED. Mimi niliwahi kuweka ya wati 60 ya zamani ndani ya kifuniko cha katani, nikaja kusikia harufu. Kilikuwa kimeshageuka kahawia upande mmoja. Bahati nilikuwa sebuleni.

Mwana wa Pwani:
Hilo la "asili kabisa" nina neno, dada. Mkonge wenyewe, unaotoa katani, ni mgeni, kwao ni Mexico. Mjerumani Hindorf aliuleta upande wa Tanga mwaka 1893 kupitia Florida, na katika miche 1,000 ni 62 tu iliyofika hai. Kabla yake Wakamba walisuka kwa nyuzi za ganda la mbuyu. Mimi ningeandika "kimesukwa kwa mkono, katani", basi. Huku kwetu ukindu, majani ya mkindu, nao hutiwa rangi ya dukani, tukasuka shupatu, ule ukanda mrefu, tukaushona mkeka, na hakuna aliyewahi kutuuliza rangi imetoka wapi.

Msusi wa Umoja:
Nimesugua zile zilizobaki kwa leso nyeupe. Nyeusi haikutoa kitu. Nyekundu imetoka kama lipstiki, hata ile niliyokuwa nimewafungia watu wa Rongai. Nimeifungua. Nyekundu zote nazisuka upya, na ukuta wa Kileleshwa nitaupaka mimi, kopo la rangi limeshanunuliwa.

Mama, kesho asubuhi nitakuwa Kariokor. Kibanda chako kiko upande gani?

Mama Viondo, Kariokor:
Uliza mama wa viondo mwenye redio. Na uje na hiyo leso.