Uhakiki wa wapangaji wa nyumba za umma Tanga: nani aandikwe, na tuulize nini?

Msimamizi wa Chumbageni

Ndugu zangu, salaam kwenu nyote. Nimekabidhiwa kusimamia zoezi la kuhuisha taarifa za kaya katika nyumba za umma zilizopo Chumbageni na sehemu ya Ngamiani, hapa Tanga; mwajiri naomba nisimtaje. Daftari nililopewa lina jina la mwenye mkataba, namba ya nyumba na kiwango cha kodi, basi. Wanaoishi ndani hawamo, na wapo wenye mikataba waliokwisha kutangulia mbele ya haki ilhali ankara bado zinatoka kwa majina yao, zikilipwa na watoto au wajukuu ambao ofisi haiwatambui.

Rasimu ya dodoso ni ndefu, na inauliza kila kitu kuanzia namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, hadi maradhi ya wanakaya. Ningependa ushauri katika mambo mawili. Katika nyumba ambamo watu huja na kuondoka, nani aandikwe kuwa mwanakaya? Na tufanyeje ili mpangaji aseme ukweli, hasa yule aliyeingiza mpangaji mwingine ndani huku mkataba wake ukikataza?

Karani wa Sensa

Ndugu Msimamizi, nilikuwa karani katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, kwa hiyo nitalishika la kwanza. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kushirikiana mahitaji ya maisha, hususan chakula. Kwa lugha ya barazani, wanaokula chungu kimoja. Nyumba moja yaweza kuwa na kaya tatu, na hapo ndipo daftari lenye mstari mmoja kwa kila nyumba linapokwama.

Lakini msiige kila kitu cha sensa. Sisi tulimhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, hata kama alikuwa mgeni, kwa sababu taifa lilitaka hesabu ya usiku mmoja. Ninyi mnatafuta anayeishi hapo siku zote. Baba aliyekwenda Muheza kwa msimu wa machungwa anabaki kuwa mwanakaya. Shangazi aliyekuja arusini hahesabiwi. Wekeni kipimo cha muda, tuseme miezi sita, na kiandikwe kwenye dodoso lenyewe ili kila mdadisi asijitungie chake. Mume mwenye wake wawili, mmoja Chumbageni na mwingine Makorora, aandikwe anapolala siku nyingi zaidi, na katika nyumba ya pili mke aandikwe kuwa mkuu wa kaya, hata kama mume atanuna.

Halafu, msianze kwa kuuliza “Mko wangapi?” Mtatajiwa idadi tu, na idadi ni rahisi kuipunguza. Ulizeni: “Jana usiku nani walilala hapa?” Kisha: “Nani mwingine vitu vyake viko hapa lakini jana hakulala?” Mkimaliza, ulizieni waziwazi kichanga na dada wa kazi, maana hao ndio husahaulika.

Bi. Mpangaji, Ngamiani

Mimi nipo upande wa pili wa mlango, kwa hiyo niruhusuni niseme la pili. Nyumba tunayoishi mkataba wake ni wa marehemu baba. Miaka ya nyuma walipita watu wenye makaratasi, wakatuambia ni kuhuisha taarifa tu, na baada ya muda majirani wawili waliokuwa wamesema ukweli walipata notisi ya kuhama. Tangu hapo mtaani petu akionekana mtu mwenye kishikwambi, milango hufungwa na watoto hufundishwa kusema mama katoka.

Wapo waliolipa kilemba, yaani fedha ya pembeni, ili waachiwe chumba na mpangaji wa kwanza, na hawana hata karatasi ya kuonyesha. Watu hao hawatajiandikisha kwa sababu eti karani ana maneno mazuri. Tupeni barua yenye muhuri inayosema taarifa hizi zitatumika kwa kazi gani, na mrithi aliyekuwa akilipa kodi bila deni atafanyiwa nini. Nanyi msije na mwenyekiti wa mtaa hadi sebuleni. Awatambulishe mlangoni, kisha aende zake, kwani mambo ya ndani hatuyasemi mbele ya jirani.

Wakili Mdogo

Nakubaliana na Bi. Mpangaji kuhusu barua, ila namtahadharisha Ndugu Msimamizi asiahidi msamaha asiokuwa na mamlaka nao. Uamuzi kuhusu warithi na wapangaji wa ndani utolewe kwanza na mamlaka inayomiliki nyumba, kwa maandishi, ndipo wadadisi waingie mitaani. Ukitanguliza dodoso, uamuzi wowote mkali utakaofuata utaonekana kuwa mtego.

Kuhusu wingi wa maswali, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo lililotajwa na zisizidi mahitaji ya lengo hilo. Taarifa za afya na za watoto zimo katika kundi la taarifa nyeti. Swali la maradhi liondoeni. Ikiwa mnataka kujua nani ahamishiwe chumba cha chini, ulizeni kama kuna mtu anayeshindwa kupanda ngazi, na inatosha. Namba ya NIDA ichukuliwe ya mwenye mkataba au anayeomba kutambuliwa, si ya kila mtu, na kitambulisho kisipigwe picha kwa simu binafsi ya mdadisi. Tarakimu nane za mwanzo za namba hiyo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, hivyo mdadisi akizilinganisha na tarehe aliyoandika atagundua kosa la kunakili papo hapo.

Msimamizi wa Chumbageni

Nawashukuru. Nitaomba zoezi lisianze hadi uamuzi kuhusu warithi uandikwe, ingawa najua nitaulizwa kwa nini nachelewesha. Swali la maradhi linatoka, na safu ya madeni ya kodi nayo itatoka, kwa sababu ofisi inayo tayari na kuiweka mbele ya mpangaji ni kumtisha bure. Limebaki moja: nyumba zinazokutwa zimefungwa kila mara, je, jirani aruhusiwe kutoa taarifa?

Karani wa Sensa

Jirani aulizwe saa ambayo wenyewe hupatikana, na si zaidi ya hapo. Rudini kwa nyakati tofauti, ikiwemo baada ya Magharibi na Jumapili asubuhi, na acheni karatasi yenye namba ya simu ya ofisi. Ikishindikana, andikeni “hakupatikana”.