Kutoa bakgraundi: fimbo inakula kanzu, nisaidieni kabla ya Ijumaa

KijanaWaKisauni
Asalaam alaykum. Natumia GIMP, ile programu ya kuhariri picha. Picha ni ya mtu kavaa kanzu nyeupe, na nyuma yake kuna kitu cheupe pia. Nikibonyeza ile fimbo ya uchawi, bega zima lachaguliwa pamoja na nyuma. Nikifuta, patoka nyeupe badala ya uwazi. Ni ya biashara tu.

FundiPicha_Makupa
JPEG haina uwazi. Ingia menyu ya leya, ongeza chaneli ya alfa, ukifuta utaona vimraba vya kijivu. Na fimbo haijui bega, yajua rangi: nyeupe kwa nyeupe lazima ile. Chukua kalamu, zunguka bega nukta kwa nukta, kisha usifute, tia maski. Ukikosea wapaka nyeupe kwenye maski na bega larudi. Mwisho toa PNG.

BiMkubwa_Bondeni
Enzi zetu pale Mwembe Tayari studio ilikuwa na pazia la kuchorwa. Nina picha nashuka ndege, mkoba mkononi. Chini ya ngazi zaonekana kandambili za mpiga picha.

MtotoWaKongowea
Kitu gani hicho cheupe? Tupia picha tuone.

KijanaWaKisauni
Siwezi. Ni zile pembe kubwa za ndovu za Moi Avenue, Mombasa.

FundiPicha_Makupa
Biashara gani ya Mombasa yaficha pembe? Watu walipia nauli waje kupiga nazo.

KijanaWaKisauni
Haya. Mtu mwenyewe ni mimi. Mamangu yuko Pate, ajua niko Doha tangu mwaka jana mwezi wa nane. Ajenti alikula pesa ya minazi, siku ya safari hapatikani. Sasa mama ataka picha ya Idi. Moja nishamtumia, akaniuliza mbona nimezungukwa na uzi mweupe. Msinihukumu, ana presha. Napakua mizigo Kongowea, pesa ikirudi ntamwambia mwenyewe.

Kaskazi62
Mwanangu, mwambie leo. Presha ya mama haipandi kwa ukweli, hupanda siku jirani akikuona wewe sokoni na gunia mgongoni.

KijanaWaKisauni
Ami, nimeomba msaada wa bega.

FundiPicha_Makupa
Uzi mweupe ni mabaki ya nyuma. Punguza uchaguzi pikseli moja, lainisha ukingo kidogo. Na ukitia Doha nyuma, angalia kivuli: kama jua lako latoka kushoto, na majengo yawe hivyo hivyo.

Mbishi_Mtwapa
Mwamlisha mtu hadithi. Miezi saba mama hajashtuka tofauti ya saa?

MtotoWaKongowea
Yakhe, Doha na Mombasa saa ni moja.

Mbishi_Mtwapa
Saa ni moja, jua si moja. Desemba Doha latua kabla ya saa kumi na moja jioni, hapa ni saa kumi na mbili na kitu. Mama asikie adhana ya Magharibi kwenye simu asiulize? Huyu atunga. Na amejiunga jana.

KijanaWaKisauni
Ndiyo maana sipokei simu baada ya Alasiri. Humwambia niko zamu.

Mbishi_Mtwapa
Jibu lilikuwa tayari mfukoni. Mtunzi huyu, wallahi.

BiMkubwa_Bondeni
Hata akitunga. Ndege yangu mama aliitundika ukutani na kuwaonyesha wageni. Kandambili alizifunika kwa fremu.

MtotoWaKongowea
Bi mkubwa, kumbe mafunzo yalianza zamani 😂

KijanaWaKisauni
Mkitaka amini, msitake basi. Nimemaliza, hii hapa. Bega limekaa?

FundiPicha_Makupa
Bega safi, ukingo umelala. Sasa kuza hiyo miwani yako ya jua, kioo cha kulia. Naiona tuktuk.